Punje ya Hindi Yenye Urefu wa Mita 27

Wanangu, kabla hatujaanza safari, kila mmoja achukue punje moja ya hindi. Moja tu. Iwekeni kiganjani mwiangalie vizuri, maana kwa kuzoea kula makande tumesahau kwamba punje ina umbo. Kichwani ni pana na imebonyea kidogo. Chini imechongoka, pale ilipokuwa imeng'ang'ania gunzi. Haina pembe hata moja iliyonyooka kama ya tofali.

Sasa fikirini punje hiyo inakua. Inakuzidi kimo, inafika dari, inapita paa, inaupita mnazi wa jirani, mpaka inasimama mita 27 kwenda juu, nawe uko ndani yake, shingo umeikunja nyuma unatazama mwanga unavyoshuka. Hii si ngano ya kutungwa, ingawa ngano ya kusaga nayo tutaikuta huko huko. Punje hiyo ipo. Iko Cape Town, Afrika Kusini, bandarini kabisa, ndani ya jumba la sanaa ya kisasa linaloitwa Zeitz MOCAA. Mimi nimeingia humo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, mwaka 2017, jumba lilipokuwa limefunguliwa majuma machache tu. Mara ya pili ni 2023, nikiwa na mpwa wangu wa miaka 11, na huyo ndiye aliyenifundisha namna ya kulitembelea.

Tuanze na bandari, kwa sababu bila bandari jumba hilo lisingekuwepo.

Cape Town imekaa kati ya bahari na mlima, na mlima wenyewe juu ni tambarare kama meza, ndiyo maana ukaitwa Mlima wa Meza. Ghuba iliyo mbele yake inapendeza wakati wa kiangazi, lakini masika ya huko, ambayo huja na baridi kali, huleta upepo unaozitupa meli ufukweni kama vifuu. Meli nyingi zilivunjikia hapo. Mwaka 1860 mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, Alfred, kijana wa miaka 16, aliletwa amwage mawe ya kwanza ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Alfred alimwaga mawe ya sherehe, akapigiwa makofi. Mawe yaliyobaki, ambayo ndiyo ukuta wenyewe, yalipasuliwa na kubebwa na wafungwa. Hadi leo eneo hilo lina majina ya Victoria na Alfred. Majina ya wafungwa hayakuandikwa popote ukutani, nami kila nikipita hapo nawafikiria hao kwanza.

Mwaka 1921, shirika la reli la Afrika Kusini lilianza kujenga bandarini hapo kihenge kikubwa cha nafaka. Mnavijua vihenge. Wengine mmeona vya udongo na fito nyuma ya nyumba za bibi zenu, na wengine mmeona vile vya kisasa vya bati linalong'aa. Hiki kilikuwa cha zege. Kilikamilika mwaka 1924, urefu wake mita 57, na wakati huo hapakuwa na jengo lililokizidi urefu katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara.

Kwa nini kirefu hivyo? Hapa nataka msikilize vizuri, kwa sababu ni akili ya kupendeza. Nafaka ni nzito, lakini ina tabia kama ya maji: ukiiachia kutoka juu, inateremka yenyewe. Kwa hiyo wahandisi walisema, tuipandishe mara moja tu, halafu kazi inayobaki tuuachie uzito wake. Mahindi na ngano vilikuja kwa treni kutoka bara, ambako kulijengwa vihenge vidogo zaidi ya 30 kando ya reli. Mabehewa yalimwaga mzigo chini ya jengo. Mkanda wenye ndoo nyinginyingi uliuchota na kuupandisha hadi kileleni mwa mnara. Huko juu nafaka ilipimwa, ikasafishwa, ikapangwa kwa madaraja, kisha ikaachiwa idondoke ndani ya mirija mikubwa ya zege iliyosimama wima. Mirija hiyo ilikuwa 42, imebanana kama penseli ndani ya kopo. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa mita 33, na upana wake, ukipima kutoka ukingo hadi ukingo, mita tano na nusu. Meli ikifika, mdomo wa chini unafunguliwa na mahindi yanaanza safari ya kwenda Ulaya.

Nisimame kidogo kwenye hilo neno, mahindi. Babu zetu wa pwani waliliita zao hilo kwa jina la Hindi, yaani India, kwa sababu kwao kila kigeni kilichokuja na jahazi kilikuwa kimetoka upande huo. Kumbe mahindi asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ni miongoni mwa walioyasambaza. Huko Cape Town wanaozungumza Kiafrikaans huyaita mielies, neno lililotokana na la Kireno, milho. Tazameni basi: punje ilikuja Afrika kwa meli, ikapandwa, ikala jua na mvua ya kwetu, ikapakiwa treni, ikapandishwa mnara, ikamwagwa ndani ya mrija, ikaondoka tena kwa meli. Hakuna msafiri aliyezidi punje ya hindi.

Miaka ikapita. Meli zikawa kubwa mno kwa gati za zamani, mizigo ikaanza kufungwa ndani ya makontena, na biashara ikahamia sehemu nyingine za bandari. Hilo limetokea katika miji mingi. Liverpool, kule Uingereza, gati za zamani zilikufa vivyo hivyo, na mwaka 1988 ghala moja la hapo likageuzwa kuwa jumba la sanaa. Kihenge cha Cape Town nacho kiliacha kazi. Mwaka 2001 kilifungwa rasmi, kikabaki kimesimama bandarini, kikubwa, kitupu, cha rangi ya vumbi. Na kukibomoa ni taabu, kukitumia pia ni taabu, maana ndani hakikuwa na chumba hata kimoja cha kumfaa mtu. Kilikuwa mirija tu. Mngeingia ninyi mngesimama wapi?

Mjerumani mmoja, Jochen Zeitz, aliyewahi kuiongoza kampuni ya viatu vya michezo ya Puma, alikuwa amekusanya kazi nyingi za sanaa za Waafrika wa leo. Huyu ana shamba kubwa Laikipia, Kenya, liitwalo Segera, na sehemu ya mkusanyiko wake ilikuwa huko. Wenye eneo la bandari walikuwa na jengo lisilo na kazi. Yeye alikuwa na kazi za sanaa zisizo na jengo. Wakakubaliana. Kazi ya kulibuni jumba akapewa mbunifu wa Uingereza, Thomas Heatherwick, pamoja na swali gumu: utafanyaje na mirija 42?

Mtu mwingine angeivunja yote akabakiza kuta za nje. Heatherwick hakutaka. Aliona kwamba mirija ndiyo roho ya jengo, na kuiondoa ni sawa na kumtoa samaki mifupa halafu kumtaka aogelee. Basi ikachukuliwa punje halisi ya hindi, ikapigwa picha za kompyuta pande zote, na umbo lake likakuzwa mpaka likafikia mita 27. Kisha umbo hilo likachongwa katikati ya mirija, kama mnavyochimba nyama ya dafu kwa kijiko.

Kuchonga zege si mchezo, na hili nimelisoma na kulisoma tena kwa sababu lilinishangaza. Kuta za mirija zilikuwa nyembamba, sentimeta 17 tu. Ukizikata hivi hivi zinapasuka. Kwa hiyo mafundi walimwaga kwanza zege jipya ndani ya mirija, kama mshonaji anavyotia bitana kwenye kitambaa chepesi kabla hajakata. Ndipo wakaingia na misumeno. Kingo zilizokatwa zikang'arishwa zikawa laini, na ukizigusa kwa macho (kwa mikono msiguse) utaona mistari miwili: zege la zamani lenye kokoto za 1924, na zege jipya lililolishikilia. Mzee na mjukuu wamekumbatiana ukutani.

Jumba likafunguliwa mwezi Septemba 2017. Na hapa nianze kuwaeleza nilichokiona.

Ukiingia mlangoni dari ni la chini, la kawaida, hata unajiuliza mbona watu wanalisifu. Hatua chache zaidi, na juu yako panafunguka. Mirija imekatwa kwa mikunjo, mingine juu zaidi, mingine chini zaidi, unaona matumbo yake ya duara kama matundu ya sega la asali, na mwanga unateremka ndani yake kutoka mbinguni. Lifti nazo ni za duara, kwa sababu zinapita ndani ya mirija ileile. Unaposimama ndani ya lifti ile, wewe ndiye mahindi. Tofauti ni kwamba unapandishwa taratibu, na hakuna anayekumwaga.

Mwaka huo 2017, ndani ya punje hiyo palikuwa na ndege. Mkubwa, mweusi, mabawa ameyatandaza, ananing'inia hewani juu ya vichwa vya watu. Niliogopa, nawaambia kweli. Nikarudi nyuma hatua mbili. Ndege huyo ametengenezwa na Nicholas Hlobo, msanii aliyezaliwa Cape Town mwaka 1975, na ameumbwa kwa mpira wa tyubu. Ndiyo, tyubu ya gurudumu, ileile mnayoikata vipande kutengenezea manati. Hlobo huzikata, huziunga, huzishona kwa riboni za rangi kama mama anayedarizi foronya. Ndege huyo alionyeshwa kwanza Venice, Italia, mwaka 2011, na jina lake ni refu: Iimpundulu Zonke Ziyandilandela.

Msilikimbie jina hilo. Ni Kixhosa, na Kixhosa ni ndugu wa Kiswahili. Impundulu ni ndege wa radi katika masimulizi ya Waxhosa, ndege anayekuja na umeme wa mvua. Zonke ni zote. Sasa chukueni neno la mwisho mlikate kama muwa: zi-ya-ndi-landela. Zi, ni hao ndege. Ndi, ni mimi. Landela, ni kufuata. Zinaniandama! Ndege wote wa radi wananiandama. Pangeni neno letu chini ya lao muone viungo vinavyolingana, zi kwa zi. Nilikuwa kilomita maelfu kutoka kwetu Tanga, nimesimama chini ya ndege wa mpira, na lugha ya nyumbani ikanisalimia kutoka ubavuni mwake. Tangu hapo hofu ikaniisha, nikabaki kumtazama kama mtu anayemtazama jamaa wa mbali aliyekuja na nguo za kigeni.

Katika vyumba vya pembeni nilikuta ngozi za ng'ombe. Nandipha Mntambo, aliyezaliwa Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini, alijifunza kazi ya kulainisha ngozi. Ngozi ikiwa bado mbichi na laini, huitandaza juu ya umbo lililofinyangwa kutokana na mwili wa mwanamke, mara nyingi mwili wake mwenyewe, kisha huiacha ikauke. Ikishakauka inabaki na kumbukumbu: bega, mgongo, pindo la gauni linaloburuta. Lakini ndani hamna mtu. Ni gauni la ng'ombe lililovaliwa na hewa. Manyoya bado yamo. Nilizunguka kazi moja mara tatu nikitafuta mahali ng'ombe anapoishia na mwanamke anapoanzia, nikakosa.

Halafu kuna zambarau, na hapa nitakaa kidogo.

Mnajua mtu anapokula zambarau bila ruhusa. Hawezi kukataa. Ulimi unamsema. Basi tarehe 2 Septemba 1989, katika mitaa ya jiji hilohilo la Cape Town, polisi walitumia ujanja kama huo kwa watu wazima. Nchi ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, ule mfumo uliomwambia mtu mweusi pa kuishi, pa kusoma, hata benchi la kukaa. Uchaguzi ulikuwa umebaki siku chache, na Waafrika weusi hawakuruhusiwa kupiga kura. Watu wakaandamana. Polisi wakaleta gari la kumwaga maji, na ndani ya maji wametia rangi ya zambarau isiyotoka upesi, ili kila aliyeloa atambulike na kukamatwa popote atakapokimbilia. Mwandamanaji mmoja akapanda juu ya gari lile, akaligeuza bomba, na maji ya zambarau yakaruka kwenye ofisi za chama tawala chenyewe! Baadaye maandishi yakaonekana ukutani, yakisema zambarau ndiyo itakayotawala.

Msanii Mary Sibande alikuwa mtoto mdogo wakati huo, kazaliwa mwaka 1982. Bibi mzaa bibi yake, bibi yake na mama yake wote wamewahi kuwa watumishi wa nyumbani katika nyumba za Wazungu. Alipokua akaumba mwanamke kwa kutumia mwili wake mwenyewe kama kalibu, akamwita Sophie. Jina hilo si la bahati. Waajiri wengi waliwapa watumishi wao majina mepesi ya Kizungu kwa sababu hawakutaka kuhangaika kutamka majina waliyopewa na wazazi wao. Sophie kwanza anavaa sare ya buluu ya mtumishi, na aproni nyeupe, lakini sare hiyo Sibande anaishona ikue: inafura, inapanuka, inakuwa gauni la malkia linalojaza chumba. Macho ya Sophie yamefumba, anaota. Baadaye buluu inampotea, anaingia katika zambarau, rangi ileile ya maji ya mwaka 1989. Kazi za Sibande zilikuwemo jumba lilipofunguliwa, na mimi nikimtazama yule mwanamke wa zambarau niliwaza jambo moja: rangi iliyomwagwa ili kuwaaibisha watu imeshonwa ikawa vazi.

Ukitoka nje ya jumba, mwendo mfupi tu ukifuata maji, unafika gati linaloitwa Jetty 1. Ni kijumba kidogo, hakina fahari. Hapo ndipo wafungwa walipopakiwa boti kupelekwa kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela alikaa miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo. Hapo hapo mama na wake na watoto wao walingoja zamu ya kwenda kuwaona, wengine wamesafiri kwa treni siku kadhaa kwa ajili ya dakika chache za kuzungumza. Bandari ileile ilipeleka mahindi Ulaya na watu gerezani, na kihenge kilikuwa kinaonekana kutoka gatini. Ndiyo maana nawaomba, siku mkilitembelea jumba hilo, msiende Jetty 1 baadaye mkipata nafasi. Nendeni siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwa mpwa wangu.

Mwaka 2023 nilipompeleka, mlangoni hatukumlipia. Walio chini ya miaka 18 waliingia bure. Nikaanza kumwongoza kama mtu anayejua. Nilimweleza habari za ndege wa radi nikamwambia ainue macho. Ndege hakuwepo. Nikamtafutia Sophie wa zambarau, simwoni. Nilifadhaika, nikaona nimemleta mtoto mbali kwa maneno matupu.

"Mjomba," akasema, "labda wameondoka na meli."

Alikuwa amelielewa jumba kuliko mimi. Jumba kama hili ni bandari. Kazi huja, hutia nanga miezi kadhaa, huondoka, nyingine huingia. Nyingine hubaki stoo zikisubiri zamu yao. Ukirudi baada ya mwaka mmoja unaweza kukuta kuta zilezile na wageni wapya kabisa.

Wageni wa mwaka huo walikuwa wengi: michoro kama 200 ya watu weusi iliyochorwa na wasanii weusi katika miaka 100, kutoka Afrika na kutoka kila nchi walikotawanyika. Aliyeongoza kuikusanya ni Koyo Kouoh, aliyekuwa mkuu wa jumba tangu mwaka 2019. Mama huyu alizaliwa Douala, Kameruni, akafanya kazi miaka mingi Dakar, Senegali, kisha akaja Cape Town. Bandari tatu! Mei 2025 alifariki dunia, wakati akiandaa maonyesho makubwa ya Venice ya mwaka 2026, Mwafrika wa kwanza mwanamke kukabidhiwa kazi hiyo. Nilisikitika kama ninayemfahamu. Katika maonyesho yale ya Cape Town hakuonyesha vita wala njaa. Alionyesha watu wakiwa wamepumzika, wakicheza, wakipendana, wakikaa tu. Michoro mingi kiasi hicho, na watu weusi wamekaa vitini wanakutazama bila kukuomba kitu.

Mbele ya mchoro mmoja mpwa wangu alisimama. Ulikuwa na mwanamke mweusi, na pembeni yake weupe mtupu. Nguo yake nyeupe, nyuma yake nyeupe, wala hapana mstari unaotenganisha.

"Mjomba, mbona hajamaliza kupaka?"

"Tazama tena."

Akatazama. Nami nikakaa kimya, jambo ambalo si rahisi kwangu. Baada ya muda akaanza kuchora hewani kwa kidole, anafuata ukingo wa nguo ambayo haipo. "Nguo ninaiona," akasema, "lakini hakuichora. Ameniachia mimi." Kisha akasogea kusoma kibao, akageuka akaniita kwa sauti iliyowafanya walinzi watutazame: "Ni wa Tanzania!" Ni Sungi Mlengeya, mchoraji aliyewahi kufanya kazi benki na kuiacha mwaka 2018 ili achore tu. Mpwa wangu alitaka tukae mbele ya mchoro ule mpaka jumba lifungwe.

Tangu hapo hakuniruhusu kusoma vibao kwanza. Alinitungia sheria. Tukifika mbele ya kitu, lazima kila mmoja aseme kwanza, hiki kabla ya hapo kilikuwa nini? Ngozi ilikuwa ng'ombe. Ukuta ulikuwa mrija. Weupe ulikuwa karatasi, au ulikuwa shuka, tulibishana. Nilimsimulia habari za Cyrus Kabiru wa Nairobi, ambaye kazi zake nazo zimo katika hazina ya jumba hili. Kabiru alikulia karibu na jalala. Alipokuwa mtoto alitamani miwani. Baba yake hakutaka kumnunulia, akamwambia kama anataka miwani ajitengenezee. Basi akajitengenezea, kwa nyaya, vizibo, vijiko na vipande vya vitu vilivyotupwa, na anaendelea kujitengenezea hadi leo, miwani isiyofanana hata miwili, ambayo ukiivaa watu wanaacha kukutazama macho wanatazama ulichokivaa. Mpwa wangu alisikiliza hadithi hiyo bila kupepesa. Akauliza, "Baba yake sasa anasemaje?" Sikuwa na jibu, nikamwambia siku moja amwandikie mwenyewe.

Mwishoni tulipanda juu kabisa. Sehemu ya juu ya mnara ni hoteli, na madirisha yake ya kioo yamevimba kuelekea nje kama mito iliyojazwa pamba. Paa la jumba lenyewe ni uwanja wa kutembea. Upepo wa bahari ulivuma, mlima ulikuwa umejifunika wingu lake, na chini sili walikuwa wamelala juu ya mataili ya gati kama waliolipia chumba. Kwenye sakafu ya paa kuna vioo vya duara, kila kimoja kina upana wa mita sita. Ni vifuniko vya mirija. Juu ya vioo hivyo kumechorwa alama nyeusi zinazofanana na herufi za lugha ambayo hakuna anayeisoma. Alizibuni El Loko, msanii aliyezaliwa Togo, aliyefariki mwaka 2016 bila kuliona jumba likifunguliwa. Mwanga mliouona kule chini, ule unaoshuka ndani ya punje, unapita kwanza katikati ya herufi zake.

Mpwa wangu alipima kioo kwa ncha ya kiatu. Kilikuwa imara. Akakanyaga, akalala kifudifudi, akaziba uso pande mbili kwa viganja ili aone vizuri. Chini kabisa, mwisho wa mrija, watu walikuwa wanazunguka, wadogo, kila mmoja kama punje.

"Mjomba, kuna mtu anatazama juu."

Nikapiga magoti kando yake. Kweli, kati ya herufi mbili alionekana mtu amekunja shingo nyuma, mkono umekinga macho. Mpwa wangu akampungia. Yule mtu, kule chini kwenye sakafu ya kihenge, akainua mkono mwingine.